Chapuo Tunalitaja Kila Siku, Chapuo Chenyewe Kiko Wapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa Temeke, Dar es Salaam, kwenye mkutano wa wazazi, walimu na vikundi vya ngoma. Naiweka yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, walimu, na ninyi vijana mliobeba ngoma zenu kutoka Mbagala, Tandika, Yombo na hata ng'ambo ya Kigamboni: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya ngoma. Nikaona ngoma ni neno pana mno. Kijana akisema "kuna ngoma mpya imetoka", anasema wimbo. Mama akisema "leo kuna ngoma kwa jirani", anasema shughuli nzima, chakula na nguo za sare humohumo. Mpira ukiisha bao moja kwa moja, tunasema ngoma droo. Basi nimechagua kipande kidogo cha neno hilo. Nitasema juu ya ngoma ndogo, ile inayobanwa mapajani au kufungwa kiunoni, inayopigwa kwa viganja au kwa mikwiro miwili myembamba. Nitasema juu ya kazi yake, na juu ya majina yake.

Nianze na swali la kunyoosha mkono. Ni nani hapa hajawahi kusoma gazetini au kusikia redioni kwamba fulani amepigiwa chapuo? Mgombea anapigiwa chapuo. Mchezaji anapigiwa chapuo aitwe timu ya taifa. Korosho zetu zinapigiwa chapuo nje ya nchi. Sioni mkono hata mmoja. Haya, swali la pili. Ni nani aliyewahi kukishika chapuo, akakipiga, au walau akakiona kikipigwa akajua kwamba hiki ndicho chapuo chenyewe? Naona mikono ya wazee wangu hapa mbele. Naona na binti mmoja kule karibu na mlango. Basi.

Ndugu zangu, chapuo ni ngoma. Ni ngoma ndogo. Wageni waliokuja Unguja katika karne ya 19 wakaanza kuandika kamusi za Kiswahili walilikuta neno hili vinywani mwa watu, wakaliandika pamoja na wenzake. Chapuo, ngoma ndogo. Kumbwaya, ngoma inayosimama kwa miguu. Msondo, ngoma ndefu sana, ya shughuli maalumu. Kikiwa kimoja ni chapuo, vikiwa vingi ni vyapuo. Na sikilizeni neno linavyofanana na kazi yake: ukimwambia mtu achapue hatua, unamtaka aongeze mwendo. Ndivyo kifanyavyo chapuo katikati ya ngoma nyingine. Kinachangamsha. Kinawafanya waliokaa wasimame. Kwa hiyo waandishi wanaposema fulani amepigiwa chapuo, wako sawa kabisa, semi yao ni nzuri na ina asili. Anayempigia mwenzake chapuo anamchangamshia uwanja.

Mashaka yangu yako kwingine. Nisikilizeni.

Kiongozi wa kikundi kimoja cha hapa Temeke alinisimulia kwamba alikuja mwandishi wa habari, kijana, kuandika makala juu ya ngoma za harusini. Kijana mwenye adabu, anauliza vizuri, anaandika kila kitu. Akaonyesha ngoma moja ndogo iliyokuwa mapajani mwa mpigaji, akauliza, "Hii inaitwaje?" Mpigaji, naye kijana, akamjibu, "Hiyo ndogo tu." "Ndogo tu?" "Ndiyo. Kuna kubwa, kuna ya kati, kuna ndogo." Mwandishi akaandika daftarini mwake: ngoma ndogo. Makala ikatoka, na ndani yake kweli kulikuwa na "ngoma ndogo". Lakini ukifungua ukurasa wa siasa wa gazeti lilelile, jina la kijana yuleyule liko juu ya habari nyingine, na kichwa chake ni: fulani apigiwa chapuo.

Neno alikuwa nalo. Kitu kilikuwa mbele ya macho yake, kinalia. Hakupatikana mtu wa kuvikutanisha. Simlaumu mwandishi, simlaumu mpigaji. Nauliza tu: yule kijana mpigaji alifundishwa kupiga na nani? Na aliyemfundisha mkono, kwa nini hakumfundisha na jina?

Mtaniambia, jina lina nini? Ngoma si inalia hata isipoitwa? Ndiyo, inalia. Lakini tuitazame kwanza kazi ya chapuo, ndipo mtajua kinachopotea.

Ngoma ndogo ina uso mdogo na ngozi nyembamba, mara nyingi ya mbuzi, imewambwa ikakazwa. Kadiri uso unavyokuwa mdogo na ngozi inavyokazwa, ndivyo sauti inavyopanda. Na sauti ile haikai hewani. Inagonga, inakatika, inagonga tena. Ngoma kubwa ikipigwa inavuma, mlio unabaki unatembea kifuani mwako. Mlio unaotembea haukuonyeshi mguu ushuke saa ngapi. Mguu unaisikiliza ile ndogo. Ndiyo maana mpiga chapuo anayejua kazi yake haremberembi. Anashika pigo lake, analishika, analishika, jua linahama kutoka utosini mpaka magharibi yeye yuko na pigo lilelile. Mwenye ngoma kubwa ndiye anayeongea na wachezaji: geuka, shuka, rudi nyuma. Anaweza kuongea hivyo kwa sababu kuna mtu anamshikia muda. Nimewaona wapigaji wakubwa wa ngoma kubwa wakikataa kuanza mpaka wamjue nani ameshika ndogo. Wanauliza hilo kabla hawajauliza malipo.

Ninyi mliokulia Temeke, Buguruni, Magomeni, mnaujua mdundiko wa Wazaramo. Mdundiko haukai uani. Unatoka, unashika barabara, unapita mtaa huu na mtaa ule, watu wanaunga nyuma. Mama zetu walikuwa wakiwafungia watoto ndani ukipita, maana mtoto aliyeufuata mdundiko alikuja kushtuka yuko mtaa asioujua na jua limezama. Sasa mzee mmoja wa Mtoni, mpigaji tangu ujana wake, alinipa kisa hiki. Walikuwa wametoka na mwali, wapigaji wametawanyika kidogo kwa sababu njia imejaa. Lori la mizigo likakatiza katikati yao, likakwama palepale. Mwenye chapuo akabaki upande mmoja wa lori, wenye ngoma kubwa wakabaki upande wa pili na wachezaji. "Tukaendelea kupiga," akaniambia mzee. "Tunapiga kwa nguvu zote, jasho linatutoka. Lakini kina mama mbele wameshasimama. Wanatazamana. Miguu haijui iende wapi." Lori likasogea. Mwenye chapuo hakuwa ameacha kupiga muda wote huo, na mlio wake uliposikika tu, kina mama waliingia kwenye mchezo wote kwa pamoja, bila mtu kuwaamuru.

Kubwa zilikuwepo, zinapigwa kwa nguvu zote. Na ngoma ilikuwa imesimama.

Sasa niambieni, chombo kinachofanya kazi hiyo tunakiita "ndogo tu"?

Kuna na jambo la moto. Hapa Dar es Salaam adui mkubwa wa ngozi ni hewa yetu wenyewe. Ngozi inakunywa unyevu. Ikinywa inalegea, ikilegea sauti inashuka. Masika, kati ya Machi na Mei, ngoma iliyolia vizuri saa nane mchana, jioni inalia kama boksi la sabuni. Dawa yake ni moto. Nyasi kavu, makuti, karatasi, vifuu vya nazi, chochote kinachowaka upesi. Ngoma inaelekezwa uso motoni, inapashwa, mpigaji anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha. Ukipunguza, haisemi. Ukizidisha, ngozi inapasuka na shughuli ya watu imeharibika. Mwenye chapuo ndiye wa kwanza kwenda motoni na wa mwisho kutoka, kwa sababu sauti yake ikishuka kidogo tu kila mtu anasikia.

Siku hizi shughuli nyingi zimehamia kumbini. Marumaru chini, viyoyozi juu, na hakuna mwenye ukumbi atakayekuruhusu kuwasha makuti. Kikundi kimoja nilichokiona kwenye ukumbi fulani kilifika saa kumi, kikakaa karibu na kiyoyozi mpaka saa mbili usiku, mvua inanyesha nje. Walipoitwa kuingiza bibi harusi, kubwa ikavuma kwa shida, ndogo haikutoa kitu. Mshereheshaji akaomba muziki wa spika. Wale vijana walibaki wamesimama na ngoma zao mbele ya watu mia kadhaa. Iliniuma sana. Baadaye wakanunua ngoma za ngozi ya plastiki, na mimi sina ugomvi nao hata kidogo. Plastiki hailegei, inampa kijana kazi ukumbini, aitumie na Mungu ambariki.

Lakini angalieni kinachoondoka pamoja na moto. Kuwamba, kukaza, kupasha. Watoto wetu wanaikariri shuleni methali isemayo "mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake". Wanaiandika kwenye mtihani, wanapata vema. Walimu mlioko hapa, nawauliza kwa heshima: katika darasa zima, wangapi wameona mtu akiwamba ngoma? Wangapi wanajua ngozi inavutwa kutoka wapi kwenda wapi, na kwa nini mwenye mkono wa kuvuta ana nafasi ya kujipendelea? Methali tumebaki nayo, mwambaji hatumjui. Ndilo jambo lilelile la chapuo.

Majirani zetu wamefanyaje? Nendeni Rwanda. Katika safu ya ngoma zao, ile ndogo kuliko zote, yenye sauti ya juu, ina jina: ishakwe. Hakuna mpigaji wa Rwanda atakayekwambia "ndogo tu". Burundi, ambako ngoma zao ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, zile zinazoshika pigo bila kukoma zinaitwa amashakwe, ile ya katikati inayoongoza ni inkiranya, na zinazoifuata ni ibishikizo. Kila moja na jina la kazi yake. Nendeni Buganda. Kuna mbuutu, kuna mpuunyi, kuna ngalabi ndefu ya ngozi ya kenge, na ndogo yao ni namunjoloba. Mtoto anayejifunza ngoma kule anajifunza majina hayo yote, kisha anaambiwa, wewe leo utakaa kwenye namunjoloba. Anajua amepewa nafasi gani na anatarajiwa nini. Jina linamfundisha kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Na sisi tunayo. Msidhani nasema hatuna. Wamakonde wana chinganga, ngoma ndogo yenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, inayopigwa kwa vijiti viwili vyembamba. Wako hapa mjini, ukienda Mwenge kwenye vinyago utawakuta wajukuu wa watu waliokua na sauti hiyo masikioni. Pwani tuna dufu na tari. Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu dufu lina somo kubwa. Dufu nalo ni dogo, la kushika mkononi, lakini nenda msikiti wowote wa mjini hapa wakati wa maulidi, muulize mtoto wa miaka minane ameshika nini. Atakwambia: dufu. Hatasema "ndogo tu". Kwa nini? Kwa sababu dufu lina madrasa nyuma yake. Kuna mwalimu, kuna siku ya mazoezi, kuna shughuli ya kila mwaka ambayo dufu lazima lipigwe, na asiyejua kulipiga ataonekana. Chapuo hakina madrasa. Chapuo kilikuwa kinafundishwa na shughuli zenyewe, unyago, jando, harusi, mavuno. Shughuli zikafupishwa, zikahamia ukumbini, zikakabidhiwa spika. Aliyebaki kukifundisha ni kijana wa mtaani ambaye naye alifundishwa kwa kutazama.

Tuvuke maji twende Unguja. Kule kuna muziki unaoitwa kidumbaki. Sanduku la chai lililogeuzwa kuwa besi ya kamba moja, fidla, mkwasa, cherewa, na vingoma viwili vidogo. Vingoma hivyo ndivyo kidumbaki, na muziki wote umechukua jina lao. Hebu tazameni. Fidla iko pale, ina heshima zake, imetoka mbali. Sanduku liko pale, watu wanalishangaa. Jina likaenda kwa ngoma ndogo. Zamani wapo waliouita kitaarab, kana kwamba ni mtoto wa taarab, muziki wa wasio na uwezo wa kuita kikundi kikubwa. Lakini nendeni kwenye harusi ya kidumbaki muone kama kuna mtu anabaki kitini. Taarab ya kukaa na kusikiliza inamaliza saa zake, kidumbaki kinaingia, na kina mama wanakesha.

Nasema hivyo kwa sababu tuna methali nyingine, "ngoma ya watoto haikeshi". Ni methali ya kweli kwa jambo lake. Mambo yasiyo na watu wazima nyuma yake hayafiki mbali. Lakini tumeivuta tukaifanya iseme kwamba kila ngoma ndogo ni ya watoto. Mara ngapi nimeona kikundi kinampa chapuo mtoto aliyekuja jana, kwa sababu "hiyo rahisi"? Kubwa anapewa mwenye mabega. Ndogo anapewa aliyebaki. Halafu ngoma hainogi na watu wanalaumiana. Wazee waliomfundisha yule mpigaji wa Mtoni walifanya kinyume chake: kwenye chapuo walimweka mtu mzima mwenye utulivu, na kijana mwenye mbwembwe wakampa kubwa atoe mbwembwe zake huko.

Na msondo? Msondo umekuwa na bahati yake. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi hapa Dar es Salaam. Bendi ikaja kuitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, na leo inaitwa Msondo Ngoma. Wapinzani wao wa jadi, Mlimani Park, walioanza mwaka 1978, wakajiita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Watu wa rika langu tumekua tukibishana Msondo au Sikinde, nyumbani, kazini, kwenye daladala. Kwa hiyo jina la ngoma ndefu halikufa. Na msondo wenyewe ulibaki na mtu wa kuupiga tukamwona kwa macho: Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyeufunga msondo mwilini akaupiga akiwa bibi mzee kabisa, mpaka alipotutoka tarehe 17 Aprili 2013. Ukilitaja neno msondo, mtu wa Dar es Salaam au wa Unguja anapata picha. Chapuo hakikupata bendi, wala mtu wa kukisimamia mbele ya kamera. Kilichopata ni kichwa cha habari.

Wazee mtanikumbusha mtu mmoja ambaye siwezi kuondoka hapa bila kumtaja. Morris Nyunyusa. Ni nani mwenye zaidi ya miaka arobaini hapa asiyezijua zile ngoma zilizokuwa zikitangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam? Zile zilikuwa ngoma za mtu mmoja, na mtu yule alikuwa haoni. Ngoma nyingi, za ukubwa mbalimbali, zimepangwa kumzunguka, naye anazipiga peke yake kwa wakati mmoja. Nchi nzima ilikuwa ikinyamaza anapoanza. Sasa fikirini mtu asiyeona aliyezungukwa na ngoma. Kwake hakuna "ile pale" wala "hiyo ndogo hapo kushoto, unaiona?" Alipaswa kuijua kila moja kwa sauti yake na mahali pake. Huo ndio ujuzi ninaoutaka. Kijana akifumba macho, agongewe ngoma moja, aseme ni ipi, na aseme jina lake.

Nimalizie na kisa cha Tandale, kwa sababu kinawahusu vijana zaidi. Mnajua singeli ilivyotoka kwenye mchiriku wa mitaa ya Manzese na Tandale, na sasa inachezwa mpaka Ulaya, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Msikilize singeli kwa makini. Kile kinachokimbia juu, kikali, hakipumziki, ni kazi ya ngoma ndogo, imechapuliwa mpaka mwisho wake na kompyuta. Kijana mmoja mtayarishaji alichoka kutumia milio iliyokuja na programu yake. Akamwalika mpiga ngoma wa mtaani kwao, akamkalisha kwenye stoo yenye magodoro ukutani, akairekodi ngoma yake ndogo pigo moja moja. Katikati, ukingoni, kwa kiganja, kwa vidole. Kazi nzuri sana, kazi ya usiku kucha. Asubuhi anahifadhi faili, kompyuta inamdai jina. Akamuuliza mpigaji, "Niandike nini?" Mpigaji akasema, "Andika ngoma ndogo." Faili zikaenda: ngoma ndogo 1, ngoma ndogo 2, ngoma ndogo 3.

Nilipozisikia nilifurahi karibu nilie, maana ni chapuo kabisa, safi, hakuna plastiki. Nikamwambia jina. Akaifungua kompyuta palepale akabadilisha: chapuo katikati, chapuo ukingo, chapuo kiganja. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza. "Na hizo nyingine zinaitwaje? Nataka zote." Faili zile sasa zinatumiwa na wenzake, na wanasema "nirushie chapuo" wakimaanisha mlio wa ngoma, wala hawamfikirii mgombea yeyote.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Viongozi wa vikundi, msimkabidhi mtu chombo bila jina. Anayeingia leo aambiwe, hiki ni chapuo, hii ni kumbwaya, huu ni msondo, au majina ya kwenu kama kwenu wanaita vingine. Sitaki jina moja lifute mengine. Mmakonde aseme chinganga, Mzaramo aseme la kwao, mtu wa Unguja aseme kidumbaki. Ninachokataa ni "ndogo tu".

Walimu, Kijiji cha Makumbusho kiko Barabara ya Bagamoyo, daladala zinapita mlangoni, na ngoma zinachezwa pale. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha serikali kinachofundisha sanaa hizi. Mkiwapeleka watoto, msiwaache watazame tu. Mpeni kila mtoto kazi ya kurudi na jina la ngoma moja na kazi yake.

Waandishi wa habari, endeleeni kuandika chapuo. Lakini siku moja mje na kamera, mkipige picha.

Wazee wangu, kwenu nina ombi zito kidogo. Kuna daftari pale mezani, karibu na mlango. Kabla hamjaondoka, kila mmoja aandike jina la ngoma ndogo ya kwao, kwa lugha ya kwao, wilaya aliyolisikia, na ilikuwa inapigwa kwenye shughuli gani. Asiyeweza kuandika amwambie kijana aliyekaa hapo, atamwandikia. Kama jina hulijui lakini kuna shangazi au babu nyumbani anayelijua, mpigie simu sasa hivi, tutakusubiri. Daftari hilo litapigwa nakala, na kila kikundi kilichofika leo kitapewa yake.

Vijana wameshawasha moto nje, ngozi zinapashwa. Tumekubaliana kwamba vyapuo vitatangulia peke yao, bila kubwa, ili kila mtu avisikie. Msondo utafuata. Asanteni sana, tutoke.